Kukataa vita hivi, na kukataa vita vyote

Kila mtu anajua kwamba bondia Muhammad Ali alikataa kupigana Vietnam. Kisichojulikana sana ni jinsi kesi yake ilivyokwisha, na swali moja ambalo mahakama haikulijibu: Mwislamu anayekubali jihadi anaweza kuitwa mpinzani wa vita?

Sheria ya Marekani ya kuandikisha watu jeshini ilimtaka anayeomba kusamehewa kupigana kwa sababu ya dhamiri atimize masharti matatu. Awe anapinga vita vya kila aina. Upinzani huo utokane na mafunzo na imani ya dini. Na awe mkweli. Likikosekana moja, ombi limeanguka.

Sharti la dini ndilo lililolegea kwanza. Fomu ilikuwa na tamko lililochapwa tayari, mwombaji kazi yake ni kutia sahihi. Daniel Seeger alikata kwa kalamu neno "mafunzo", na neno "dini" akalifungia ndani ya alama za kunukuu. Elliott Welsh alifuta mafunzo na dini vyote, akabakiza imani tupu. Mahakama ya Juu ilimkubali Seeger mwaka 1965 na Welsh mwaka 1970: msimamo wa kimaadili ukimshika mtu kama dini inavyomshika muumini, unatosha. Tangu hapo asiye na dini alikuwa na mlango, mradi akatae vita vyote.

Machi 1971 mlango huo ulimfungia Guy Gillette. Yeye alisema angepigana kuilinda nchi yake, au chini ya Umoja wa Mataifa, ila vita vya Vietnam aliviona si vya haki. Mkatoliki Louis Negre alisema karibu hayohayo kwa hoja za kanisa lake. Wote wawili walishindwa, majaji 8 kwa 1. Hoja ya mahakama ilikuwa kwamba sheria inasema vita vya kila aina, na kwamba kupima kila vita kivyake kungeleta maamuzi ya upendeleo.

Miezi mitatu baadaye ikaja zamu ya Ali. Jaji mstaafu aliyemsikiliza mwaka 1966 alimwona mkweli, lakini Wizara ya Sheria ikaiandikia bodi ya rufaa ya uandikishaji kwamba hakutimiza hata sharti moja. Bodi ikamkatalia bila kutaja sababu. Hapo ndipo serikali ilipojikwaa. Mbele ya Mahakama ya Juu ilikiri kwamba imani yake ni ya dini na kwamba ni mkweli. Kwa kuwa haikujulikana bodi ilisimama juu ya sababu ipi, kifungo cha miaka 5 na faini ya dola 10,000 alivyohukumiwa kwa kukataa vilifutwa tarehe 28 Juni 1971, kwa kura 8 bila pingamizi. Suala la jihadi liliachwa kando. Jaji Douglas peke yake aliandika kulihusu, akisema jihadi ni vita vya haki kwa Mwislamu na kwamba dhamiri ya namna hiyo inastahili kulindwa.

Namuunga mkono Douglas. Ukimuuliza mwanafikihi, yaani mtaalamu wa sheria ya Kiislamu, kama anapinga vita vyote, jibu la kweli ni hapana. Al-Baqara 190 inaruhusu kupigana na wanaokupiga, na papo hapo inakataza kuvuka mipaka. Al-Anfal 61 inaamuru kuelekea amani adui akielekea. Khalifa wa kwanza Abu Bakr, kama ilivyopokewa katika Muwatta, mkusanyo wa hadithi wa Imam Malik, aliliagiza jeshi lililokwenda Sham (Syria na jirani zake) lisiue mwanamke, mtoto wala mzee, lisikate miti ya matunda, wala lisichinje kondoo au ngamia isipokuwa kwa chakula. Sasa pima: kuanzia 1962 hadi 1971 ndege za Marekani zilinyunyizia misitu na mashamba ya Vietnam dawa za kuua mimea. Anayekataa kushiriki hayo kwa agizo la Abu Bakr ana kipimo kilichoandikwa karne nyingi kabla ya vita kuanza. Upendeleo uko wapi?

Wapo Waislamu walioenda mbali zaidi. Jawdat Said wa Syria alijenga mafundisho yake juu ya Habil, mwana wa Adamu, aliyekataa kumnyoshea mkono ndugu yake (al-Maida 28). Ila hao ni wachache. Na miongoni mwa wasio na dini, mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell alifungwa katika gereza la Brixton, London, mwaka 1918 kwa kupinga vita, kisha akakubali kwamba Hitler lazima apigwe. Kwa kipimo cha Gillette, huyo naye angetupwa nje.

Jeshi la Marekani bado linamtaka askari anayeomba kuondoka kwa dhamiri apinge vita vya kila aina. Mwombaji Mwislamu huponzwa na sentensi moja: "Uislamu ni dini ya amani." Akiulizwa kuhusu Badr, vita alivyopigana Mtume mwenyewe, anakwama, na mhoji anaandika kwamba si mkweli. Heri aeleze tangu mwanzo nani ana haki ya kutangaza vita, kwa dhulma ipi, nani haguswi, na ni vita gani vya leo ambavyo angekubali, kama vipo. Kujitetea nyumbani asikukane; sheria haioni kuwa huko ni vita. Huenda bado akakataliwa, lakini faili lake litabaki na hoja ambayo wakili anaweza kuisimamia kwenye rufaa.