Nilivyolielewa jina Thalassinidea nikiwa huku Kigoma

Mimi nasomea viumbe wa majini, naishi Kigoma, na kamba ninaowajua ni wale wadogo wadogo wa Ziwa Tanganyika. Sasa kwenye notsi wameandika tu Thalassinidea ni kamba wachimbaji wa baharini, basi, wakapita. Nikamuuliza mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi kama humu ziwani wapo kamba wanaochimba mashimo akacheka sana, "mwanangu, wachimbe waende wapi?"

Nikaacha kukariri nikaanza kulikatakata jina lenyewe. Thalassa kwa Kigiriki ni bahari, hapo rahisi, ila haisaidii maana kamba kibao wanaishi baharini na jina halitaji shimo popote! Ikabidi nifuatilie limetoka kwa nani, ndo nikakuta kwanza ilikuwepo jenasi (kikundi kidogo cha spishi za karibu karibu) ya Thalassina, kaiandika Mfaransa Latreille mwaka 1806, na mnyama mwenyewe Mjerumani Herbst alikuwa kashamwandika 1804 akamuita Cancer anomalus, yaani kaa asiye wa kawaida. Mwaka 1831 Latreille huyohuyo akachukua jina la jenasi akaliongezea mkia likawa la kundi zima. Kumbe wameitwa kwa jina la mwenzao mmoja, kuchimba hakumo kabisa, hapo ndo likaniingia.

Na huyo Thalassina ni mchapakazi balaa, anakaa kwenye matope ya mikoko kusini mashariki mwa Asia, udongo wa shimoni anaurundika juu mpaka unakuwa kama kichuguu, vingine vinapita mita moja.

Palipokuwa pagumu ni kwamba kundi lenyewe siku hizi limevunjwa. Mwaka 1979 mtafiti de Saint Laurent aliligawa mawili, Gebiidea na Axiidea, baadaye vipimo vya DNA vikaonyesha kweli siyo ukoo mmoja, wanafanana kwa sababu ya maisha ya shimoni tu. Kukumbuka nilitumia hivi: Gebiidea wamo Upogebia (gebia unaiona humohumo) pamoja na Thalassina mwenyewe, Axiidea wamo Axius na Callianassa. Hilo la Callianassa ndo zuri kuliko yote kwangu, ni binti wa baharini kwenye hadithi za Wagiriki, eti kapewa mdudu wa matopeni.

Kwa hiyo ukitafuta maandishi ya zamani andika Thalassinidea, ya sasa hivi tafuta hayo mawili, usipofanya hivyo nusu ya vitu huvioni.