Bibi amenishinda kwa miguu tu

Nimerudi sasa hivi kutoka Mto Lukuledi, matope mpaka magotini.

Tunatafuta wapi maji ya mto yanazama ardhini na wapi yanapanda. Juzi tulichomeka mabomba mawili kwenye mchanga wa mto, kila moja lina vipimajoto vitatu: juu, sentimita 20 na sentimita 40 kwenda chini. Leo tumeyachomoa.

Bomba la kwanza, joto la mchana limefika mpaka chini, ila limechelewa saa kadhaa na makali yamepungua. Hapo maji ya mto yanazama ardhini, na huko kuchelewa na kupungua ndiko kunakotuwezesha kukokotoa kasi ya maji kuzama.

La pili, hatua kama thelathini tu kutoka pale: kule chini nyuzi 26 mchana, 26 usiku. Maji yanapanda kutoka ardhini, yanalizuia joto la jua lisishuke.

Nilikuwa namweleza mwenzangu haya kwa mbwembwe zote. Bibi mmoja aliyekuja kuchota maji akacheka.

"Mjukuu wangu, hapo kwenye bomba la pili ndipo tunapochimba maji kiangazi. Ukikanyaga tu, miguu inapoa."

Miguu! Na mimi siku mbili nahangaika na betri (moja ilikufa usiku wa kwanza, hiyo tuiache).

Nikavua viatu. Kweli bwana! Kule mchanga vuguvugu, hapa ubaridi unakupanda nyayoni taratibu, kama mtu kakuwekea kitambaa kibichi.

Nimesimama pale mpaka mwenzangu akaanza kupiga honi.

Watu wa Lindi na Mtwara, kwenu wazee wanajuaje pa kuchimba mchangani? Niambieni, wiki ijayo narudi na mabomba.