Siku moja maishani mwangu: muosha vyombo wa Manchester

Saa 3 asubuhi. Naamshwa na ujumbe wa sauti wa binti wa dada yangu, anayesoma Sheffield. "Shikamoo mama mdogo. Jumamosi ijayo nakuja huko na wenzangu watatu. Tule wapi? Wewe si ndiye mtu wa migahawa?"

Marahaba. Mtu wa migahawa ni kweli, ila wa mlango wa nyuma. Huu ni mwaka wangu wa sita wa kuosha vyombo. Mitatu ya mwanzo nilikuwa chini ya wakala: leo hotelini, kesho uwanja wa mpira, keshokutwa mahali ambapo hata jina sikulisoma, kwa sababu nimeingilia upande wa mapipa ya taka. Nyumbani Tanga mama huwaambia majirani kwamba nafanya kazi "hotelini", tena kwa sauti ya kunyoosha, nami sijawahi kumsahihisha. Haya, leo nasema.

Saa 6 na nusu mchana nimeshafua, nimekula ugali wa jana, nimepanda basi la njano namba 43 kutoka Wythenshawe.

Saa 8 kamili. Ancoats, mtaa wenye mgahawa wetu. Zamani hapa palikuwa na viwanda vya pamba. Majengo ya matofali mekundu bado yapo, ila ndani sasa ni fleti za bei ambayo siitaji. Ukitaka kujua watu wenye hela wanakula wapi mjini humu, njoo huku. Rudy's walianza kuchoma pizza zao mtaa huu mwaka 2015, na mwaka 2019 mgahawa wa Mana ukapewa nyota ya Michelin, kile kitabu kinachopima migahawa bora, ya kwanza Manchester baada ya zaidi ya miaka 40. Wetu hauna nyota. Una stika ya usafi mlangoni, namba 5, ambayo ndiyo ya juu kabisa. England hailazimishi kuibandika, kwa hiyo ukiona mtu hakuibandika, jiulize. Hiyo 5 ina mkono wangu ndani yake.

Naanza na masufuria ya asubuhi. Makoko ya vitunguu, makoko ya maziwa, na lile sufuria la mchuzi ambalo kila mtu analikwepa. Mpishi mkuu ni mtu wa Bolton, ananiita "love". Wiki ya kwanza nilidhani ananitongoza, nikamnunia, mpaka nikasikia konda wa treni akimwita vivyo hivyo bibi wa miaka themanini. Mwenzangu wa zamu ni kijana wa Uvira, Kiswahili chake cha Kongo na changu cha Tanga vinagongana kidogo lakini vinafika. Tunapanga vyombo kwenye trei, tunasukuma, tunashusha mfuniko wa mashine, dakika mbili, tunainua. Maji ya mwisho yanakaribia nyuzi 82, sahani inatoka na moto wa kujikausha yenyewe. Vidole vyangu siku hizi havishtuki.

Saa 10 hadi saa 12 ni hivyo hivyo.

Nieleze jambo moja hapa, maana ndilo jibu la binti yangu. Mwingereza hasemi chakula ni kibaya. Mhudumu akipita kuuliza, mteja atatabasamu na kusema kizuri sana, kisha atafukia nyama chini ya majani ya saladi. Anayefunua majani ni mimi. Nimefanya kazi mahali palipopigwa picha magazetini na nusu ya samaki inarudi kila usiku, na nimefanya kazi katika kantini ambako sahani zilirudi kama zimelambwa na paka. Mpishi akitaka kujua amepika nini, asiulize kule mbele.

Na jambo la pili: hizi sahani ndogo. Ni fasheni ya mji mzima sasa. Zamani watu wanne walikula sahani nane, kumi hivi, na kitindamlo ndani. Sasa wanaagiza vidogo vidogo vya kushirikiana, karoti tatu kwenye sahani yake, kijiko cha hummus, yaani dengu za kupondwa, kwenye bakuli lake, mkate kwenye ubao. Watu wale wale wanne wananiletea vyombo 25. Aliyeanzisha jambo hili hakuwahi kuosha hata kikombe.

Saa 1 jioni waliingia watu 14. Sherehe ya kuzaliwa, mtu anatimiza miaka 30. Sikuwaona, nilisikia tu vicheko kila mlango ulipofunguka. Kilichonifikia mimi ni sahani, na juu ya sahani vitu vya kumetameta: karatasi za rangi ya dhahabu zilizokatwa umbo la namba 30, ndogo kama ukucha, mamia kwa mamia. Wamezimwaga mezani kama pambo. Sasa zimezama kwenye mchuzi, zimeng'ang'ania sahani, zimegandia vijiko. Nikawa nazikwangua kwenye pipa moja moja, lakini mhudumu anakuja na mzigo mwingine kabla wa kwanza haujaisha, na kuna wakati unasukuma trei tu.

Saa 2 na dakika 10 taa nyekundu. Mashine imejaa maji machafu, hayaendi mbele wala nyuma.

"Dada," kijana wa Uvira akasema, "mashini imekufa."

Jumamosi, ukumbi umejaa. Meneja akapiga simu kwa fundi, akarudi na uso wa mtu aliyeambiwa Jumatatu. Basi tukarudi enzi za bibi zetu. Sinki la kwanza maji ya moto na sabuni, la pili la kusuuza, la tatu dawa. Mimi naosha, yeye anasuuza. Tatizo la kuosha kwa mkono si kuosha, ni kukausha: hakuna pa kuweka. Tulijaza rafu, tukajaza meza, tukageuza kreti za soda tukapanga juu yake. Wapishi wanapiga kelele sahani za duara, sahani za duara! Wahudumu wanapanga vichafu mnara juu ya mnara, uma zimetokeza kama miiba. Mmoja akaniwekea glasi juu ya sufuria la mafuta, nikamtazama tu, akaziondoa mwenyewe. Maji yakageuka rangi, nabadilisha, yanageuka tena. Mgongo ulianza kuuma, halafu ukaacha, na ukiacha ndiyo mbaya zaidi.

Sijui ilikuwa saa ngapi kijana alipovua aproni, akalala chini kwenye maji na kuanza kuchota ndani ya mashine kwa kopo. Kopo baada ya kopo. Akafikia chujio, akalitoa, akalipindua kwenye kiganja. Donge la dhahabu. Thelathini, thelathini, thelathini. Nilicheka mpaka nikashika sinki.

Tukaiwasha. Ikanguruma. Mpishi mkuu akaja mwenyewe na bakuli mbili za chipsi zilizomwagiwa mchuzi mzito wa kahawia, chakula cha watu wa kaskazini hasa, akasema "ta, love", yaani asante, akaondoka. Mapumziko yangu ya dakika 20 tangu saa 8 mchana yalikuwa yale, nimekaa juu ya ndoo. Sijala chipsi tamu kama zile.

Kisha mlango ukafunguka. Wale wa sherehe wamekuja na keki yao, wanaomba sahani safi 14 na vijiko.

Sina la kusema juu ya hapo. Waliacha bakshishi nzuri, lazima nikiri, na tangu Oktoba 2024 sheria inamtaka mwajiri aigawe yote kwa wafanyakazi kwa haki. Kwetu hata sisi wa masinki tunahesabiwa.

Kusugua sakafu, kutoa taka, kuzima.

Baada ya usiku wa manane niko kituo cha Piccadilly Gardens nasubiri basi la 43, inayotembea usiku kucha. Mvua, bila shaka. Basi likapita Rusholme, ile njia ya migahawa wanayoiita Curry Mile, taa zote zinawaka. Zamani ilikuwa ya Wapakistani na Wabangladeshi zaidi; sasa kuna Waafghani, Wasyria, Wakurdi, na harufu ya mishkaki inaingia hadi ndani ya basi. Hapo ndipo nikamjibu mwanangu.

Nikamwambia mchana aende This & That, kichochoro cha Soap Street. Wapo tangu 1984, wanakupa wali na michuzi mitatu juu yake. Sahani moja! Wakipenda kupiga picha, waingie Mackie Mayor, soko la nyama la mwaka 1858 lililogeuzwa ukumbi wa chakula, kila mtu aagize anachotaka wakae meza moja. Jioni waje Rusholme, vibao vya halali viko kila mlango. Na wanywe kile kinywaji cha Vimto, maana shangazi zetu wa Maskati hawafuturu bila Vimto na hawajui kwamba ilitengenezwa Manchester, mwaka 1908.

Kumbe hajalala. "Na kwenu je, mama mdogo?"

Nilikuwa nabandua kitu kwenye mkono wa sweta. Thelathini ndogo ya dhahabu.

Nikamwandikia: "Kwetu kutamu, sahani zinarudi tupu. Ila mkija wanne, agizeni vichache."