Mbuzi Alipotafuna Stakabadhi

Hadi leo nikimsikia mbuzi anatafuna, huwa nahesabu.

Tulikuwa Mikindani, mkoani Mtwara, msimu wa korosho umeshaanza. Dirisha la chumba tulilikinga kwa magodoro mawili, na feni tuliizima ili maiki isinase mvumo wake. Jasho lilitutiririka. Nilikuwa naongoza katuni fupi ya vichekesho ya televisheni, na siku hiyo tulirekodi sauti. Wengi hudhani sauti huwekwa mwishoni, picha zikishakamilika. Kwenye katuni nyingi sauti hutangulia, mchoraji anaufuata mdomo. Mwigizaji akikosea, kosa linachorwa.

Kisa chenyewe kilikuwa cha hukuhuku kwetu. Mzee amekataa kuuza korosho zake kwa kangomba, wale wanunuzi wa magendo, amezipeleka ghalani kama wakulima wa Mtwara wanavyofanya tangu mfumo wa stakabadhi uanze msimu wa 2007/2008, sasa anasubiri malipo ya mnada. Anaweka stakabadhi, ile karatasi ya ghala ya korosho zake, juu ya kinu, anakwenda kunawa. Kurudi, mbuzi anaitafuna.

Kwenye karatasi yangu ya hesabu nilimpa mzee fremu 10, yaani picha 10 zinazofuatana, za kushtuka, kisha apige mayowe. Picha za televisheni yetu huenda fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo alikuwa na chini ya nusu sekunde. Niliamini kichekesho ni kasi.

Sauti ya mzee tulimpa babu mmoja, mkulima wa palepale, hajawahi kushika maiki. Nikamwonyesha kidole aanze. Kimya. Nikamwonyesha tena. Akaninyanyulia kiganja, macho kayakaza sakafuni kana kwamba mbuzi yupo pale. Stopwochi ikafika sekunde ya tatu. Ndipo akasema kwa sauti ya chini, karibu ya upole: "Maliza basi."

"Babu, mbona hukupiga kelele?"

"Mjukuu wangu, hela ikishaingia mdomoni mwa mbuzi, kelele za nini? Unamtazama kwanza."

Usiku ule nilifuta hesabu yote ya onyesho lile. Sekunde 3 ni fremu 75. Mchoraji wangu alikataa: "Kaka, watu watadhani king'amuzi kimekwama." Alikuwa na hoja, maana mchoro ukisimama muda wote huo unakufa kwenye skrini. Tukakubaliana mzee asitikisike kabisa, ichezeshwe taya ya mbuzi tu: michoro 5, kila mmoja ukae fremu 3. Kutafuna mara moja ni fremu 15. Mara tano, 75 kamili. Mara ya tatu, kipande cha karatasi chenye muhuri kinachungulia pembeni mwa mdomo. Mara ya nne, hakipo. Muhuri ule niliuchora mwenyewe, nikaufuta, nikauchora tena mpaka alfajiri. Kuamua jambo likae kwa muda gani ndiyo kazi ya mwongozaji wa katuni niipendayo kuliko zote.

Wiki mbili baadaye nilimpelekea babu kwenye laptopu, barazani kwake. Watoto walijazana mgongoni pake. Mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Muhuri ulipotoweka mtoto mmoja akaguta "Mamaaa!", na baraza zima likaangua kicheko kabla mzee hajafungua mdomo. Koo lilinikaba kwa furaha.

Babu hakucheka. Aliomba nirudishe nyuma, akatazama tena, akanigeukia.

"Umepatia, mjukuu wangu. Ila yule wangu alikuwa mweusi."

Usiku huohuo tukampaka mbuzi rangi nyeusi.