Matunda na moyo kwa sisi wa kazi za zamu

Ukifanya kazi za zamu ughaibuni, saa ndiyo inayokupangia chakula. Unatoka kabla hakujapambazuka, mapumziko ni nusu saa, na ukirudi umechoka kiasi kwamba unakula chochote kilicho karibu. Mara nyingi kilicho karibu ni biskuti, krispi na soda. Ndugu zangu mnaoishi mbali na kwenu mnanielewa. Tunda litaliwa likiwa limeshaoshwa na linaonekana. Likibaki limefungwa kwenye mfuko chini ya friji, litaozea humo humo.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu presha inatuandama, na wengi hawajijui mpaka wapimwe. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kuwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu wapatao milioni 17.9 mwaka 2019. Shirika hilohilo linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na viazi na mihogo havihesabiwi. Ukigawanya mara tano unapata gramu 80, yaani kama tufaha moja dogo au konzi ya zabibu. Si mzigo mkubwa hata kidogo.

Ndani ya mwili kazi inafanyika hivi. Vyakula vya kununua vikiwa tayari, ambavyo ndivyo tunavyokimbilia, huwa na chumvi nyingi. Potasiamu, madini yaliyomo kwenye matunda, husaidia figo kuitoa chumvi hiyo kwa njia ya mkojo, na pia hulegeza kuta za mishipa, presha ikashuka. Ndizi moja ya wastani ina kama miligramu 400 za potasiamu. Kisha kuna nyuzinyuzi zinazoyeyuka, kama pektini ya matufaha na machungwa. Hizi huinasa nyongo tumboni na kutoka nayo, na ini linapotengeneza nyongo nyingine hulazimika kutumia kolesteroli, yaani mafuta yanayoweza kuziba mishipa yakizidi, iliyokuwa inazunguka kwenye damu. Ndiyo maana namsihi mtu ale tunda lenyewe. Juisi, hata ya kukamua mwenyewe, huacha sehemu kubwa ya nyuzinyuzi kwenye makapi na kukuletea sukari ya machungwa matatu kwa mkupuo mmoja.

Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofuatilia watu wazima kama nusu milioni nchini China. Waliokula matunda freshi kila siku walikuwa na presha ya chini kidogo, na vifo vya magonjwa ya moyo vilikuwa vichache kwao kuliko kwa wale wasioyala au wanaoyala kwa nadra. Hauthibitishi kwamba ni matunda peke yake yaliyowakinga, maana anayekula matunda huenda anajitunza na kwa mengine. Kwangu mimi unatosha kunifanya niyaweke mezani.

Siku ya mapumziko, osha matunda ya siku kadhaa kwa pamoja kwa maji yanayotiririka, bila sabuni, uyafute kwa kitambaa safi. Stroberi na beri nyingine ziache uoshe wakati wa kula, kwani zikikaa na unyevu huota ukungu upesi. Ndizi zitenge, hutoa gesi inayoivisha wenzake haraka. Yaliyokatwa yakae kwenye friji, ndani ya chombo cha kuonyesha, rafu ya mbele usawa wa macho. Vipande vya tufaha vikamulie limau visigeuke rangi, na maganda yake usiyamenye, yana nyuzinyuzi nyingi.

Chungwa la kazini lina namna yake. Usiku kabla ya kulala, lichane ganda kwa ncha ya kisu, mistari minne kutoka juu hadi chini, bila kufika kwenye nyama. Lifunge vizuri uliweke kwenye friji. Wakati wa mapumziko unaingiza kidole gumba kwenye mstari na ganda linabanduka lenyewe, mikono haichuruziki, na humalizi muda ukihangaika. Wengi huacha matunda kazini kwa kero ndogo kama hiyo tu.

Asubuhi, katia ndizi kwenye uji. Jioni, kula tunda ukiwa unapika, kabla sahani haijajaa. Msimu wa baridi, matunda ya kugandishwa yasiyoongezwa sukari yanafaa kabisa, kwa kuwa hugandishwa mapema baada ya kuvunwa na virutubisho vyake vingi hubaki.

Mwenye kisukari anaweza kula matunda mazima kwa kiasi, akiyasambaza siku nzima. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha zinazopandisha potasiamu, amuulize daktari kwanza. Balungi nalo liogopwe na wanaotumia baadhi ya dawa za kolesteroli, kama simvastatini, na baadhi ya dawa za presha, kwa kuwa huzuia kimeng'enya cha utumbo kinachoivunjavunja dawa, ikazidi kwenye damu. Onyo hilo huandikwa kwenye karatasi ya ndani ya pakiti, kwa lugha ya ugenini na herufi ndogo. Kama unaishi na mzazi mwenye dawa hizo, ifungue hiyo karatasi umsomee.