Filamu za Mwalimu

Mwaka 2014 nilikuwa mpiga eksirei katika kliniki moja ya mifupa huko Upper Hill, Nairobi. Asubuhi moja akaingia mwalimu mstaafu aliyewekewa nyonga bandia mwaka 1998. Hakuwa na maumivu yoyote. Alikuwa ametoka Kangemi kwa matatu, na kwapani amebana bahasha yenye filamu zake zote za zamani. Laiti wagonjwa wote wangefanya hivyo!

Nikamlaza chali, miguu nikaizungushia ndani nyuzi 15, na mwale nikaushusha kidogo ili ncha ya shina, ile fimbo ya chuma iliyozama ndani ya mfupa wa paja, na saruji iliyo chini yake zionekane. Picha inayolikatia shina njiani haifai hata iwe safi vipi.

Kisha nikachukua rula. Kichwa cha chuma, yaani tufe lililo juu ya shina, kilikuwa cha milimita 28, lakini kwenye filamu kilipima karibu 34, kwa sababu eksirei hukuza. Kwa hiyo kila kipimo nilikigawanya kwa 1.2. Nikilinganisha na picha ya 1999, kichwa kilikuwa kimepanda ndani ya plastiki ya kikombe kinachokipokea kwenye nyonga karibu milimita 4 za filamu, yaani 3.3 za kweli. Picha ya wiki za kwanza niliiacha makusudi, maana mwanzoni plastiki hubonyea tu kwa uzito, bado haijalika. Gawanya kwa miaka 15, unapata zaidi kidogo ya 0.2 kwa mwaka. Chini ya 0.1 mfupa huathirika kwa nadra. Ukifika 0.2, tafuta mashimo mfupani.

Nami niliyaona: madoa meusi yenye kingo wazi nyuma ya kikombe, karibu na matundu ya skrubu. Hapo ndipo vumbi la plastiki hupenya.

"Kama siumwi, daktari, nikatwe tena kwa nini?" mwalimu alimuuliza daktari wa mifupa alipoambiwa anahitaji upasuaji.

"Chembe za plastiki hazionekani kwa macho, Mwalimu," daktari alimjibu. " Seli za ulinzi huzimeza, zikashindwa kuzisaga, zikaamsha seli zinazokula mfupa. Maumivu huja kikombe kikishalegea."

"Kumbe ni mchwa."

Daktari akacheka, akaandika vipimo vya damu, CRP na ESR, ambavyo hupanda mwili ukiwa na maambukizi, kwa sababu maambukizi nayo hula mfupa na tiba yake ni tofauti kabisa. Vyote vikarudi sawa.

Kilichomwokoa mwalimu ni kwamba gamba la chuma la kikombe lilikuwa palepale lilipokuwa 1999, halijainama wala kusogea. Wakabadilisha plastiki na kichwa tu, wakaweka polietilini, yaani plastiki, ya kisasa iliyoimarishwa kwa mionzi, kisha wakajaza mashimo kwa mfupa wa kupandikiza. Gamba lingekuwa limelegea, wangeling'oa na kutafuta mfupa mzima wa kushikiza jingine, na huo mara nyingi huwa haba. Shina hawakuligusa, saruji yake ilikuwa imeshika katika maeneo yote 7 tunayoyakagua pajani.