Goti Lililonyamaza

Usiku ule wa Aprili mvua ilipiga bati la wodi ya wazazi kiasi kwamba pumzi za mgonjwa nilizihesabu kwa macho. Kilikuwa kituo kimoja pembezoni mwa Tukuyu, nami nilikuwa nimepokea zamu saa mbili.

Kitanda cha tatu alilala mama wa kifafa cha mimba. Alijifungua mchana. Magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, alianzishiwa saa sita mchana: gramu 4 kwenye mshipa, 10 matakoni, kisha 5 kila baada ya saa 4. Ya saa mbili alikuwa ameshachomwa na mwenzangu aliyenikabidhi zamu. Nilimuuliza mkojo, akasema unatoka.

"Afadhali amelala, sista," mama mkwe wake aliniambia. "Tangu jana hajapumzika."

Nikainama kuangalia mfuko wa mkojo. Palikuwa na kiasi cha kufunika kitako tu, wakati kila saa zinatakiwa angalau mililita 30. Magnesiamu hutoka kwa figo. Figo zikigoma, hujilimbikiza. Nikafunua shuka, nikamgonga goti. Kimya. La pili, kimya vilevile, mguu mzito kama shina la mgomba. Pumzi 8 kwa dakika. Zikiwa chini ya 16, dozi haitolewi, na hii ilishatolewa.

Nikaita msaada. Muuguzi mwenzangu akashika mfuko wa kupumulia, mimi nikavunja ampuli ya kalisiamu glukoneti: mililita 10 za asilimia 10, gramu 1. Magnesiamu ikizidi huziba ujumbe wa neva usifike kwenye misuli, na misuli ya kupumua imo humo. Kalisiamu huifungua njia hiyo. Lakini haisukumwi kwa pupa. Ukiiharakisha, moyo unaweza kusimama. Ikivuja nje ya mshipa, inaunguza nyama. Kwa hiyo kidole gumba kwenye bomba, jicho moja kwenye saa ya mkononi, jingine kwenye ngozi kando ya kanula, nikiogopa kuiona inavimba. Dakika 10. Sijawahi kusukuma kitu kidogo vile kwa muda mrefu vile.

"Mama, mshike mkono, mwite jina," nilimwambia mama mkwe.

Akamwita kwa Kinyakyusa, tena na tena. Kifua kikaanza kupanda chenyewe: 10, 12, 16. Tulikesha naye, tukihesabu.

Karibu na alfajiri nikamgonga goti tena. Mguu ukaruka, ukasogeza shuka.

"Ndaga, sista," mama mkwe akanishukuru, na mkono wa mkwewe hakuuachia.